Jani la Vidole Vitatu

Mimi ni mwoga. Nianze na hilo, kwa sababu wanaonijua leo, wanaonisikia nikigombana na wauza samaki na kuwakemea wajukuu, hawataliamini. Simwogopi nyoka wala shetani. Ninaowaogopa ni watu ninaowaheshimu. Katika miaka ya hamsini, nilipokuwa mke kijana upande wa bara nyuma ya Msambweni, woga huo ulikaribia kumuua mavyaa wangu, yaani mama aliyemzaa mume wangu.

Nilizaliwa Gazi, mtoto wa mvuvi. Kwetu sumu ilikuwa na mahali pake panapojulikana: ilikuwa ndani ya bunju, samaki yule anayejifutua tumbo, na hata mtoto wa miaka mitano alijua kumtupa. Nilipoolewa nilipelekwa mwendo wa nusu siku kutoka baharini, mahali ambapo chakula cha mwaka wa shida kilikuwa chini ya ardhi, na sumu nayo ilikuwa chini ya ardhi, na viwili hivyo vilifanana. Mume wangu alikaa nami mwezi mmoja, kisha akarudi Mombasa kwenye kazi yake ya bandarini. Nikabaki na mama yake, na baadaye na binti yangu mdogo.

Mavyaa alikuwa mjane, mrefu, mkavu, mwenye ulimi mkali. Hakuwa na minazi wala ng'ombe. Alichokuwa nacho ni kuvijua viazi vya mwitu. Wanawake wa vitongoji vya mbali walikuja na makapu yao, wakapiga hodi, wakavimimina viazi walivyochimba mbele ya miguu yake, naye akaviokota kimoja kimoja akisema, "Hiki kula. Hiki kula. Hiki katupe, na ukanawe mikono." Hakuna aliyewahi kuugua kwa neno lake. Walimwachia chumvi kidogo, au kipande cha tumbaku ya kutafuna, lakini malipo yake hasa yalikuwa ile hodi. Mjane aliyebishiwa hodi na watu wa mbali hakuwa mzigo kwa mtu.

Alianza kunifundisha msimu wa kwanza wa masika, majani yalipokuwa yamejaa mwituni.

"Usitazame ukubwa wa jani," aliniambia. "Ukubwa ni wa mvua. Tazama jani limekaaje juu ya kikonyo chake."

Mmea wa kuliwa una jani moja kwenye kila kikonyo, laini, lenye umbo la moyo, na majani yake yanakaa mawili mawili, yakitazamana. Shinani, karibu na udongo, una miiba migumu. Ndiga ni mwingine. Kikonyo chake kimoja kinabeba majani matatu, kama vidole vitatu vya mkono, yenye malaika yanayokwaruza ukiyapapasa. Ndiga huliwa pia, lakini kwa kazi: anakatwakatwa vipande vyembamba, analowekwa siku nyingi na maji yanabadilishwa, mpaka sumu imtoke. Ukimpika kama unavyopika kiazi cha kawaida, atakuua.

"Na majani yakikauka?" niliuliza. Kwa maana nilikuwa nimeshaona kwamba mimea hii hupukutisha majani kiangazi, na kiangazi ndiyo njaa.

Alifurahi. Hakuwa mtu wa kusifu, lakini alinishika mkono akanisogeza hadi kwenye mti.

"Hapo sasa umeuliza. Jani likianguka, mmea unabaki umejisokota mtini. Tazama unavyopanda. Huu wa kuliwa, ukisimama mbele yake, unapanda ukielekea mkono wako wa kulia. Zunguka mti, tazama kwa nyuma. Bado mkono wa kulia. Ndiga hupanda kwa kushoto. Mola hakuubadilisha hata mmoja tangu aumbe mwitu."

Nikazunguka mti. Ilikuwa kweli. Nilizunguka mara tatu nikitafuta upande ambao mmea ungegeuka, nisiupate. Siku ile niliogopa kwa mara ya kwanza, kwa sababu nilielewa kwamba kati ya mlo na kaburi palikuwa na mzunguko mmoja tu wa kamba kavu kwenye mti.

Tulikwenda pamoja misimu mitatu. Nilijifunza vizuri, na nalisema hilo bila haya. Lakini katika msimu wa tatu niliona jambo jingine. Mavyaa aliacha kutazama, akawa anapapasa. Aliupitisha mkono kwenye mmea kuanzia kifuani mwake kwenda juu, akiufuata msokoto kwa vidole, na huku uso wake umegeukia pembeni. Nyumbani alimimina chai nje ya kikombe. Ndani ya macho yake palikuwa na weupe, kama ukungu wa tui.

Nilikosea nikalisema. Jirani yetu mmoja alikuwa amekaa kibarazani, na mavyaa akamkaribisha kwa jina la mtu mwingine. Nikasema, nikidhani namsaidia, "Mama, macho yako siku hizi hayaoni vyema." Jirani akacheka kidogo. Mavyaa hakujibu. Hakujibu siku ile, wala kesho yake, hadi zikatimia siku sita. Alipika chakula chake peke yake na kukila amenipa mgongo. Siku ya saba akanambia, taratibu kabisa, "Mkaza mwana akinivua nguo mbele ya watu, nami nitamrudisha kwao akiwa amevaa zake." Nikapiga magoti nikaomba radhi. Tangu hapo nilijua mpaka wangu.

Nalieleza hili si kwa kujitetea. Zamani zetu mkaza mwana hakumsahihisha mavyaa wake. Hakumkata neno, hakumtangulia njiani, hakumnyooshea kidole. Wahenga walituachia methali ya asiyesikia la mkuu kuvunjika guu. Hawakutuachia ya mkuu mwenyewe anapokaribia shimo, nasi tuko nyuma yake tumeshika kapu.

Mwaka uliofuata vuli ilikosa kabisa. Mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini, na muhogo tuliotegemea ukafukuliwa na nguruwe mwitu. Mume wangu alituma alichoweza, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na unga ukafika siku ambayo hatukuwa na chochote, ukaisha siku ya nne. Binti yangu alikuwa na miaka miwili. Alikuwa ameacha kulia kwa sauti, analia kwa mdomo tu. Mavyaa akamtazama, au akamsikiliza, kisha akauchukua muo wake, kijiti chake cha kuchimbia kilichochongwa ncha, akasema twende.

Mwitu ulikuwa kijivu. Hapakuwa na jani. Mavyaa alitembea kwa kukumbuka, mkono mbele, mpaka kwenye mti aliokuwa akiujua, na akaupapasa mmea uliojisokota juu yake.

"Alhamdulillahi," alisema. "Wa kuliwa. Leta kapu."

Akapiga magoti, akaanza kuchimba.

Nilikuwa nimesimama juu yake. Kwenye urefu wa kifua chake, pale alipopapasa, mmea ulipanda kwa kulia, sawasawa na alivyosema. Lakini mti ule ulikuwa na mimea miwili. Wa pili ulipanda kwa kushoto, mwembamba, umepita chini ya ule wa kwanza, nao ulitoka ardhini upande wa mbele. Wa kuliwa ulikuwa umetoka ardhini upande wa nyuma wa mti. Muo wa mavyaa ulikuwa ukichimba mbele. Na pale chini, shubiri moja kutoka udongoni, palining'inia jani moja kavu ambalo halikuanguka na wenzake. Kikonyo kimoja, vidole vitatu.

Niliona. Nataka hili lieleweke, maana nimeulizwa na nafsi yangu mara nyingi na nafsi ni hodari wa kutafuta vichaka vya kujificha. Niliona, na nilijua nilichokiona.

Nikafungua kinywa. Neno lilikuwa fupi: Mama, huu ni ndiga. Lakini ndani ya neno lile palikuwa na jingine: Mama, wewe ni kipofu. Nikaona siku sita za mgongo wake. Nikajiona nashuka njia ya Gazi na mkoba wangu, binti yangu amebaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Nikajiambia pengine naona vibaya kwa njaa. Nikajiambia yeye amechimba miaka arobaini, nami mtoto wa mvuvi nachimba maneno. Alipokitoa kiazi, kikubwa, chenye vichwa vingi na nywele za mizizi, nilikipokea na kukitia kapuni kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

Njia nzima nilijiahidi kusema tukifika nyumbani.

Nyumbani nilimenya. Nyama ya kiazi ilikuwa na umanjano, na viganja vikaanza kuniwasha. Mavyaa alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, amekaa juu ya kinu kilicholazwa, anatafuna tumbaku. Nikasema, "Mama, hiki kina umanjano kidogo." Ndivyo nilivyosema, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

"Ukame," akajibu. "Ukame hubadilisha rangi."

Nikakata, nikatia chunguni, nikaweka mafigani. Chungu kilipochemka, povu likapanda, nami nikalitoa kwa upawa, likapanda tena. Nilichochea moto wa kumpikia mtu kifo chake, na huku natamka bismillahi. Nikaudondosha upawa mara mbili. Akaniuliza kama nina homa. Nikasema ni njaa, mama.

Sasa lazima nieleze desturi yetu ya viazi vya mwitu, kwa kuwa siku hizi haijulikani. Aliyechimba ndiye anayetangulia kula. Anakula baada ya sala ya adhuhuri, peke yake, na wengine wanakaa wakimtazama mpaka alasiri. Akiwa mzima, wanakula nao. Mtoto ndiye wa mwisho kabisa. Hii ilikuwa dhamana ya mchimbaji kwa watu wake, na mavyaa hakuwahi kuiruka hata kwa kiazi alichokijua kama mlango wa nyumba yake.

Alisali. Nilimtazama akisujudu nikamwomba Mungu afanye yeye ile kazi iliyonishinda: amtie shaka, amwangushie sahani, alete mgeni. Mtu mwoga humwagizia Mungu mambo ambayo ulimi wake mwenyewe ungeyamaliza kwa pumzi moja.

Akakaa mkekani, akachukua kipande cha kwanza, akatafuna polepole. Akakunja uso.

"Kichungu kidogo," alisema.

Nikasema, "Ndiyo, mama." Sijui kwa nini nilisema hivyo, nami sikuwa nimeonja.

Akameza. Tumbaku ilikuwa imeshaua ulimi wake kwa miaka mingi. Akachukua cha pili.

Binti yangu alikuwa amelala ubavuni mwangu, nikidhani hana hata nguvu za kukaa. Harufu ya chakula ilimwamsha. Sikumwona akitambaa. Nilichokiona ni mkono wake mdogo ndani ya sahani, na kipande kikielekea kinywani.

Nikaruka. Nilimpiga mkono kipande kikaruka hadi ukutani, nikaipiga sahani teke, nikakipiga chungu teke kikapasuka na maji ya moto yakamwagika juu ya mguu wangu. Mtoto akapiga ukelele.

"Nge!" nikapiga kelele. "Mama, nimeona nge!"

Mavyaa alisimama akapapasa ukuta. Alinilaani kwa ajili ya chakula kilichomwagika, chakula cha siku mbili, akauliza nge gani wa kuvunjiwa chungu. Nami nilikuwa nimemkumbatia mtoto, natia kidole kinywani mwake kutafuta chembe, nalia, na nikifukia vile vipande kwa udongo kwa mguu uliobabuka.

Haikufika alasiri. Kwanza mavyaa alisema midomo yake imekufa ganzi. Kisha ulimi ukawa mzito, akaniita nisielewe anachosema. Akatapika. Baada ya kutapika akaanza kukakamaa, mgongo ukajipinda, visigino vikapiga sakafu, na macho yale meupe yakatazama juu pasipo na kitu. Nilikimbia kwa jirani nikiwa nimembeba mtoto. Walikuja wanawake watatu. Walimlaza ubavu, wakamnywesha tui la nazi kwa kijiko kila alipolegea, wakamsomea. Mmoja alinituma maji, mwingine akanituma kuni, na kila nilipotoka nje niliogopa kurudi ndani nisije nikamkuta amefunikwa.

"Ni nini kilichompata?" waliuliza.

"Sijui," nikasema. Wanawake watatu, na kila mmoja nilimwambia sijui.

Magharibi ilipoingia alikuwa ameacha kukakamaa. Alfajiri alikunywa maji mwenyewe. Siku ya pili aliketi, ameegemea ukuta, uso umempungua. Majirani walikuwa wameondoka na mtoto amelala. Nikamletea uji wa unga tuliopewa.

"Hapakuwa na nge," alisema.

Nikashusha kikombe.

"Uliona tangu lini?"

Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilinitisha zaidi. Nikamwambia ukweli. Nikamwambia kuhusu jani kavu, na mimea miwili, na ule ulioanzia nyuma ya mti.

"Tangu shimoni," alisema, kama anayejihakikishia. "Ukamenya. Ukapika."

"Nilikuogopa, mama."

Nilitamani anipige.

"Uliniogopa mimi kuliko ulivyokiogopa kifo changu," alisema. "Kwa mwanao uliinuka. Haya. Ndivyo ilivyo, mtoto ni mtoto." Akanyoosha mkono akautafuta uji. "Mtu asijue kwamba uliona. Wakiuliza, nilikosea mwenyewe. Na kukosea, nilikosea kweli."

Nikaubusu mkono wake nikalia, naye akaniacha nilie mpaka uji ukapoa.

Habari ilimfikia mume wangu Mombasa, akaja siku ya tano. Alimkuta mama yake anaweza kutembea hadi mlangoni. Jioni, kabla ya magharibi, alikaa naye kibarazani, nami nilikuwa uani, karibu kiasi cha kusikia. Akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamtazama macho.

"Mama, basi," alisema. "Hutokwenda tena mwituni. Wala watu wasikuletee viazi kuvitazama. Nitawaambia mimi. Wewe utakaa hapa kibarazani, tutakulisha."

"Nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa," alisema mavyaa.

"Na imekaribia kukuua. Huoni, mama. Ungekuwa na mtu wa kukuonea, ingekuwa jambo jingine. Nani anayeijua kazi hii hapa? Hakuna."

Mavyaa alijua kwamba nimejifunza kazi hiyo, nami nilijua. Ilitosha niseme: nitakwenda naye, mimi naona. Lakini anayeona angeulizwa aliona nini siku ile, na mwenye kuuliza angekuwa mwanawe. Mavyaa alinifichia siri yangu kwa maneno yake mwenyewe. Alichobakiza kilikuwa nafasi yangu ya kusema. Akageuza uso kuelekea uani nilipokuwa, na macho yale yasiyoona yakabaki pale, yakingoja.

Nilikuwa nikiosha sufuria. Nikaendelea kuiosha.